Ini Huota Upya: Tiba ya Seli Itazamwapo kutoka Fizi na Baraka

Katika mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, tangu Nundu hadi Baraka, na kutoka Baraka kupanda milima hadi Fizi mjini, hayupo mgonjwa ajulikanaye kwa kutazamwa mara moja tu kama yule ambaye tumbo lake limefura maji ilhali mikono, mashavu na mapaja yake yamekonda hata mifupa ikadhihiri. Wala hayupo ambaye maradhi yake husemwa kwa kunong'onezana kuliko huyo. Watu humwamkia kwa adabu, humpa pole, kisha akiisha kupita huulizana ni nani aliyemtilia karuho katika kikombe, na kama sumu hiyo iliingia msibani, harusini au katika kibanda cha pombe. Dhana hiyo ni ya zamani katika Kivu, na madhara yake si haba, maana jamaa wa mgonjwa wakiisha kuamini sumu hutumia fedha yao ya kwanza, ambayo aghalabu ndiyo fedha yao yote, kwa mganga wa kutapisha, na mgonjwa hufikishwa hospitali wakati ini limekwisha kuwa gumu na bandama imekwisha kushuka hadi karibu na kitovu.

Pamoja na karuho, siku hizi limeingia neno jingine katika mazungumzo ya wagonjwa na jamaa zao, nalo ni seli. Neno hili halikutoka hospitali. Limekuja kwa simu. Watu wengi wa Fizi na Baraka waliovuka ziwa mwaka 1996 wakikimbia vita walipokewa katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na baada ya miaka mingi ya kuishi kwa mgao wa unga, maelfu kati yao walihamishiwa Marekani, ambako watoto husema Kiingereza barabarani na Kibembe au Kiswahili nyumbani. Kabla ya kupanda ndege wakimbizi hawa walikuwa wakipewa vidonge vya prazikwanteli kwa ajili ya kichocho, na wengi walikuwa wakipimwa damu kwa ajili ya homa ya ini ya B. Hivyo mtu ambaye tangu azaliwe hakusikia habari yoyote ya ini lake alijikuta ana karatasi mkononi yenye jina la ugonjwa. Akifika ugenini hukuta matangazo ya zahanati ziuzazo sindano za seli shina kwa kila maradhi, tangu goti hadi ini, naye kwa mapenzi ya ndugu hurekodi sauti na kuituma Baraka: dawa ipo, tafuteni fedha. Huku Afrika Mashariki nako hawakosekani wachuuzi wa vidonge na unga ambao juu ya makasha yake pameandikwa hayo hayo, na bei yake ni ya kumfanya mvuvi auze mtumbwi.

Kumcheka ndugu aliyetuma sauti ile si insafu, kwa sababu alichokisikia si uongo mtupu. Tiba ya maradhi ya ini kwa chembe hai ipo kweli. Imejaribiwa kwa wanadamu kwa zaidi ya miaka 30, katika Japani, Marekani, Ubelgiji, Uingereza na kwingineko, na mengine yaliyopatikana humo ni ya ajabu. Lakini baina ya maabara na kasha la mchuuzi pana umbali mrefu kuliko ule wa kutoka Baraka hadi Marekani, na anayetaka kuupima umbali huo hana budi kujua kwanza ini ni nini, na ni kitu gani hasa kiliharibucho katika nchi yetu.

Ini ndicho kiungo cha mwili wa mwanadamu kilicho hodari kuliko vyote kwa kujijenga upya. Mwaka 1931 wataalamu wawili wa Marekani, Higgins na Anderson, waliandika namna walivyoondoa theluthi mbili za ini la panya na kuona sehemu iliyobaki ikikua kwa muda mfupi hata kurudia uzito wake wa kwanza, na tangu hapo jambo hilo limethibitika kwa wanadamu pia, ndiyo maana mzazi huweza kumkatia mwanawe kipande cha ini lake na wote wawili wakaishi na maini kamili. Kazi hiyo hufanywa na seli za ini zenyewe, ambazo katika siku za amani hukaa kimya zikichuja damu, zikitengeneza nyongo na protini, na zikiidhoofisha sumu ya kila tulacho na kunywa. Ikitokea dhara, huamka na kugawanyika. Ila hazikai peke yake. Pembeni mwao kuna seli nyingine ndogo zenye umbo la nyota, ambazo kazi yake katika siha ni kuweka akiba ya vitamini A, na ambazo dhara likirudiwa mwaka baada ya mwaka huacha akiba hiyo na kuanza kufuma nyuzi za kovu. Kovu la mara moja ni rehema, kwa kuwa huziba jeraha. Kovu la miaka 20 huligeuza ini likawa vinundu vilivyozungushiwa kuta, damu ikakosa njia, maji yakavuja tumboni, na hiyo ndiyo hali iitwayo sirosisi. Msomaji na ashike jambo hili, kwa sababu mengi yatakayofuata yanalitegemea: ini la mgonjwa aghalabu halifi kwa kukosa mbegu ya kuota, hufa kwa kukosa ardhi.

Katika Fizi dhara hilo huletwa na adui zaidi ya mmoja, nao hawafanani tabia. Wa kwanza, na ndiye ambaye ningependa tumtazame kwa kirefu kwa kuwa anakaa nasi majini, ni kichocho cha tumbo. Ziwa Tanganyika ni refu la kilomita zaidi ya 600 na kina chake hupita mita 1,400, lakini kichocho hakikai kilindini. Hukaa penye maji matulivu ya kando, katika magugu na midomo ya mito, pale pale wanawake wafuapo nguo na watoto wachezapo, maana ndipo akaapo konokono mdogo wa jamii ya Biomfalaria anayemlea mdudu wa ugonjwa huu. Ghuba ya Burton, ambayo rasi ya Ubwari huikinga na mawimbi ya ziwa kuu, ina kando nyingi za namna hiyo. Mdudu akiisha kutoka kwa konokono hupenya ngozi ya mtu aliye majini bila kuuma, husafiri kwa damu, na hatimaye dume na jike hukaa pamoja katika mishipa ya matumbo kwa miaka, wakitaga mayai kila siku. Mengine hutoka na kinyesi na kurudi majini. Mengine huchukuliwa na mkondo wa damu hadi ini, yakakwama katika matawi madogo ya mshipa mkuu uingiao humo, na mwili, ukijaribu kulizungushia kila yai ukuta, hujenga kovu kufuata mshipa.

Mwaka 1904 tabibu Symmers, aliyekuwa akifanya kazi Misri, alieleza maini ya namna hiyo yaliyopasuliwa baada ya kifo, ambamo kila tawi la mshipa limevikwa kovu jeupe nene kama shina la kiko cha udongo. Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba seli za ini, baina ya makovu hayo, hubaki nzima kwa muda mrefu. Kazi yake huendelea, macho hayageuki manjano, vipimo vya damu huweza kutoka vizuri. Kilichoharibika ni njia. Damu ya matumbo na bandama, ikikosa pa kupita, hujitafutia vichochoro katika mishipa myembamba ya koo la chakula, mishipa hiyo hufura, na siku moja mtu aliyekuwa akivuta wavu alfajiri hutapika damu bakuli zima kabla ya adhuhuri. Anton Polderman, mtaalamu wa Uholanzi aliyefanya uchunguzi katika kambi za wachimba madini za Maniema, mkoa unaopakana na Fizi kwa upande wa magharibi, alionyesha tangu miaka ile ya Zaire jinsi kichocho kinavyoshikamana na kazi na maji ya watu. Na yeyote ajuaye njia za wachimba dhahabu kati ya Kimbi na Kabambare hatashangaa kusikia kwamba mdudu husafiri nao.

Adui wa pili hana konokono wala ziwa. Mwezi Aprili 1965 Ernesto Guevara, daktari wa Argentina ambaye dunia humjua kwa bunduki kuliko kwa utabibu, alivuka ziwa usiku kutoka Kigoma akatua Kibamba, katika pwani hii hii ya Fizi, akijulikana kwa jina la Tatu. Mwaka ule ule, huko Marekani, Baruch Blumberg alichapisha habari ya kitu kigeni alichokikuta katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, ambacho baadaye kilitambulikana kuwa ni sehemu ya vazi la nje la virusi vya homa ya ini ya B. Habari ya kwanza iliandikiwa vitabu vingi. Ya pili, kwa maoni yangu, iliwagusa watu wa Fizi zaidi, ijapokuwa hakuna aliyewasimulia. Blumberg alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976, chanjo ikapatikana katika miaka ya mwanzo ya 1980, na bado Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na virusi hivyo, na milioni 1.1 walikufa kwavyo, wengi kwa sirosisi au saratani ya ini. Wauguzi wetu, waliosomeshwa kwa Kifaransa, huuita ugonjwa huu epatiti. Virusi hivi havina haraka: vikimwingia mtu mzima, aghalabu mwili huvifukuza, vikimwingia mtoto siku ya kuzaliwa kwake kutoka kwa mama, watoto 9 katika 10 hubaki navyo maisha yote, wakakua, wakaoa au kuolewa, wakalima na kuvua, na ini likaanza kulalamika wakati wanapokuwa na watoto wa kulea.

Waliobaki nitawapita upesi, si kwa sababu ni wadogo bali kwa sababu kila mtu anawajua. Kasiksi ya ndizi na lotoko ya mahindi au muhogo hunywewa na watu wa kila tabaka, na mwenye epatiti anywaye lotoko huchochea moto katika nyumba iungulayo. Kuvu waotao juu ya mahindi na karanga zisizokaushwa vema hutoa sumukuvu, ambayo mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya, iliwadhuru watu 317 na kuwaua 125 kati yao kwa muda wa miezi michache. Lakini kwa kiasi kidogo cha kila siku, kisichoonekana wala kuonjwa, humsaidia mwenye virusi vya B kupata saratani mapema.

Sasa turudi kwenye seli. Wazo la kwanza la matabibu lilikuwa jepesi: ikiwa seli za ini zimechoka, mgonjwa apewe nyingine. Mwaka 1992 Michio Mito na wenzake huko Japani walichukua kipande cha ini la wagonjwa wenye sirosisi, wakatenga seli zake na kuzitia katika bandama za wagonjwa wale wale, wakitumaini kwamba zitafanya kazi zikiwa ugenini. Zilionekana kukaa, lakini afueni ilikuwa haba. Miaka sita baadaye, mjini Omaha, Ira Fox na wenzake walieleza habari ya msichana wa miaka 10 aliyezaliwa na kasoro moja tu ya ini, kukosa kimeng'enya cha kusafisha rangi ya manjano iitwayo bilirubini, hata ikambidi alale chini ya taa kwa saa nyingi kila siku ili ubongo wake usidhurike. Walimtilia seli bilioni 7.5 za mtu mwingine kwa kupitia mshipa wa ini, na kiasi cha manjano kikapungua kwa muda wa zaidi ya miezi 11. Hakupona kabisa, lakini ilithibitika kwamba seli za mgeni zaweza kuingia ini la mwenyeji na kufanya kazi.

Mjini Brussels, katika chuo kikuu cha Louvain ambacho madaktari wengi wa Kongo wanakijua, Étienne Sokal na wenzake walikwenda mbele kidogo: badala ya kutegemea seli kamili, ambazo hazizaliani vizuri katika chupa na hufa upesi zikigandishwa, walitenga katika maini ya watu waliokufa seli changa ziwezazo kuzalishwa kwa wingi, wakazijaribu kwa watoto wenye kasoro za kuzaliwa za ini. Mwaka 2013 Takanori Takebe na wenzake wa Yokohama walizitumia seli ambazo Shinya Yamanaka alikwisha kuonyesha jinsi ya kuzirudisha katika hali ya utoto, wakazikuza hata zikajikusanya zenyewe kuwa chipukizi dogo la ini, na chipukizi hilo likashika damu ndani ya mwili wa panya. Na mwaka 2019, Tokyo, mtoto wa siku 6 ambaye ini lake halikuweza kuondoa amonia katika damu alitiliwa seli za ini milioni 190 zilizozalishwa kutoka seli shina za kiinitete. Zilimshikilia katika uhai hata alipokuwa na umri wa kutosha kustahimili upasuaji, akapandikizwa kipande cha ini la baba yake.

Msomaji makini ataona kwamba ushindi huu wote ulipatikana mahali pa namna moja, yaani katika ini lenye umbo zuri lililokosa kitu kimoja tu. Kumtilia seli mtoto wa Tokyo kulikuwa ni kupanda katika shamba tupu lenye udongo. Kumtilia mgonjwa wa sirosisi wa Baraka ni kupanda pingili njema za muhogo juu ya jabali. Ndiyo sababu wataalamu wengine waliacha kutafuta mbegu wakaanza kumtafuta wa kulivunja jabali.

Kabla ya kufika kwao, haki yataka tuseme habari ya walioshindwa, kwa kuwa wachuuzi hawaisemi. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba seli shina za uboho wa mifupa, zikitolewa na kurudishwa kwa mgonjwa mwenyewe, zingelijenga ini upya, na majaribio madogo madogo, yasiyokuwa na kundi la kulinganisha, yalitoa habari za furaha. Waingereza walipolipima jambo hilo kwa uangalifu, kwa wagonjwa 81 wa sirosisi waliogawanywa kwa kura katika makundi matatu, matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba waliopewa seli hizo hawakupata nafuu kuliko wenzao waliotunzwa kwa desturi, na mashaka ya kiafya yalikuwa mengi zaidi kwao. Zipo habari nyingine zenye matumaini kutoka China na Korea kuhusu seli shina za namna tofauti, na bado zinachunguzwa. Lakini Marekani yenyewe, nchi zitokako sauti zile za simu, haijaidhinisha tiba yoyote ya seli kwa maradhi ya ini, na idara yake ya dawa imewaonya watu mara nyingi dhidi ya zahanati zinazoziuza.

Waliokwenda kulivunja jabali ni Stuart Forbes na wenzake wa Edinburgh. Walianzia katika jambo hili, kwamba mwilini mna seli ziitwazo makrofaji ambazo kazi yake ni kula taka, mabaki na hata nyuzi za kovu, na kwamba katika ini lililougua muda mrefu seli hizo ama ni chache ama zimepotoshwa kazi. Humchukua mgonjwa, huipitisha damu yake katika mashine inayotenga seli nyeupe za aina fulani, seli hizo hulelewa katika maabara kwa muda wa siku 7 hata zikakomaa kuwa makrofaji, kisha hurudishwa kwake kwa mshipa wa mkono. Hapana mtoaji mgeni, hapana dawa za kuuzuia mwili usikatae. Jaribio la kwanza, la watu 9, lilitangazwa mwaka 2019 na kuonyesha kwamba jambo hilo halina hatari kubwa. Lililofuata, la wagonjwa hamsini hivi, lilitoa jawabu lenye nyuso mbili: kipimo kikuu kilichokusudiwa tangu mwanzo hakikuonyesha tofauti ya kutosha baina ya waliopewa na wasiopewa, lakini katika mwaka wa kwanza waliopewa makrofaji walisalimika na mashaka makubwa ya ini, ilhali miongoni mwa wenzao wapo waliozidiwa na waliokufa. Mtu wa elimu husoma habari hiyo akasema kazi iendelee. Mchuuzi huisoma nusu yake akapiga chapa kasha.

Mimi naiona njia ya Edinburgh kuwa ndiyo iliyo karibu na haja yetu kuliko zote, na nasema hivyo kwa hadhari, maana majaribio yale yalifanywa kwa wagonjwa wa sirosisi, si wa kichocho. Lakini fikiri: ikiwa katika kichocho seli za ini ni nzima na mharibifu ni kovu, basi kumwongezea mgonjwa seli za ini ni kumpa alichonacho, na tiba inayolifaa ini lake ni ile inayolila kovu. Huko Misri, nchi ambako Theodor Bilharz alimgundua mdudu wa kichocho mwaka 1851 na ambayo imeteswa naye kuliko nyingi, wataalamu wamejaribu seli shina katika panya walioambukizwa kichocho na kuona kovu likipungua. Panya si mvuvi, na kovu la wiki kadhaa si kovu la miaka 20. Hata hivyo natamani siku moja wapimaji wa Ulaya wakumbuke kwamba maini yenye makovu na seli nzima, ambayo wao huyakuta kwa nadra, yamejaa katika pwani za maziwa yetu.

Na hapa pana jambo ambalo lilinishangaza kuliko chipukizi la Yokohama. Mwaka 2013 Patrick Marcellin wa Paris na wenzake walitangaza habari za wagonjwa wa homa ya ini ya B waliomeza tenofoviri, kidonge kimoja kila siku, kwa miaka mitano. Kati yao, 96 walikuwa na sirosisi mwanzoni, na kila mmoja alichomwa sindano ya kutoa kipande kidogo cha ini kabla na baada. Katika hao 96, watu 71 hawakuwa na sirosisi tena. Hawakutiliwa seli ya mtu wala ya maabara. Virusi vilinyamazishwa tu, na seli zao wenyewe, zilipoachwa kwa amani, zikavunja kuta na kuota. Kitabuni tulifundishwa kwamba sirosisi ni njia isiyorudi, na kumbe aghalabu hairudi kwa sababu aliyeisababisha hajaondoka. Kwa kichocho pia, watoto na vijana wanaopewa prazikwanteli mapema huonekana makovu yao yakipungua, ingawa kwa mtu mzima ambaye mishipa yake imekwisha kufungwa matumaini hayo ni madogo.

Tenofoviri si dawa ngeni Kongo; ni ile ile iliyomo katika vidonge vya wagonjwa wa ukimwi, nayo imo katika ghala za zone za afya. Lakini mwenye ukimwi huipata bure kwa mpango wake, na mwenye epatiti peke yake aghalabu huambiwa akanunue. Nimesikia watu wenye busara wakiliita jambo hili kasoro ya daftari tu. Ni daftari linaloua.

Wapo ambao siku yao ya kidonge imekwisha kupita, na hao ndio wenye haki ya kuuliza habari za seli. Waende wapi? Hospitali ya Baraka, ambako Madaktari Wasio na Mipaka walifanya kazi kwa miaka mingi, ina mzigo wa malaria, kipindupindu na majeruhi kabla haijafika kwenye ini. Bukavu, penye vyombo vya kutazama ndani ya koo na kufunga mishipa iliyofura, imekuwa mbali zaidi kuliko ilivyo katika ramani tangu waasi wa M23 walipoutwaa mji huo mwezi Februari 2025. Na wenye uwezo huvuka kwenda Kigoma, kisha Dar es Salaam, kisha India. Hapana hospitali katika safari hiyo ambapo mtu huwekewa seli za ini kama tiba ya desturi. Lakini asidhani mtu kwamba ng'ambo ya ziwa elimu ya seli haijafika kabisa. Kupandikiza uboho ni tiba ya seli kwa maana yake halisi, nayo ni kongwe. Muhimbili ilianza kazi hiyo mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza mwaka 2023 kuwapandikiza watoto wenye selimundu. Mafundi waliojifunza kutenga seli za damu, kuzihesabu na kuzigandisha katika naitrojeni ya kimiminika, kwa baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ndio hao hao ambao siku makrofaji ya Edinburgh yatakapothibitika wataweza kuyalea. Kutoka Kigoma hadi Dodoma ni safari ya basi au treni, si ya viza ya Ulaya.

Kwa hiyo ndugu aliyeko ughaibuni akituma sauti nyingine, ajibiwe kwa upole na aulizwe maswali ambayo muuzaji mwema hayaogopi: seli hizi ni za nani, za aina gani, zilijaribiwa kwa wagonjwa wangapi wenye ugonjwa kama wangu, na wale ambao hawakupewa walikuwaje? Tena ajue kwamba katika jaribio la kweli mgonjwa halipi ili ajaribiwe. Nayo seli iliyo hai haikai ndani ya kidonge juu ya rafu ya duka; hufa kabla ya kuvuka ziwa.

Kazi moja ilifanywa katika nchi yetu wenyewe, na sijaisikia ikitajwa katika sauti zile. Katika vituo viwili vya uzazi vya Kinshasa wajawazito zaidi ya 4,000 walipimwa virusi vya B. Waliokutwa navyo kwa wingi walipewa tenofoviri katika miezi ya mwisho ya mimba, na watoto wakachanjwa mara baada ya kuzaliwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalisema kwamba hapakuonekana mtoto hata mmoja aliyeambukizwa na mamaye. Kipimo kilikuwa tone la damu, sambamba na kile cha ukimwi ambacho mama hupimwa siku hiyo hiyo. Chanjo ya homa ya ini hupewa watoto wa Kongo katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ikiwa imechanganywa na nyingine nne, lakini kwa mtoto ambaye mama yake ana virusi, wiki 6 ni nyingi mno; Shirika la Afya Duniani limeagiza tangu 2009 kwamba dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24. Dozi hiyo huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, hustahimili joto kuliko chanjo nyingi na huogopa kugandishwa tu, na majokofu yanayoiweza, yenye paneli za jua juu ya bati, ni ya namna ile ile ambayo vituo vya afya huwekea chanjo ya wiki ya 6.